Kabla Hamjapanda Mashua: Mwongozo wa Kuwapeleka Wanafunzi Takwa na Kuwarudisha Salama

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha jiografia hapa Lamu, niliwakwamisha wanafunzi 23 kwenye matope ya mikoko ya kisiwa cha Manda. Tulikuwa tunatoka Takwa, ule mji wa kale ulioachwa na wenyewe katika karne ya 17. Nahodha alikuwa ameniita mara mbili. "Mwalimu, maji yanapwa. Tutokeni." Nikamwomba dakika kumi, watoto wamalize kuchora nguzo ya msikiti. Dakika kumi zikawa arobaini. Tulipoingia kwenye mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, mashua ikaparuza chini, ikasogea kidogo, ikaparuza tena, ikakaa. Baharia akaruka na upondo kuisukuma, akazama hadi mapajani. Ilikuwa saa nane unusu mchana. Tulielea tena karibu na saa nne usiku.

Maji ya kunywa yaliisha saa kumi. Magharibi ilipoingia, mbu wakatoka kwenye mikoko na hatukuwa na dawa wala shuka. Kisha msichana mmoja wa kidato cha pili akaanza kupumua kwa shida, kifua kikilia. Nilipomuuliza pampu yake ya pumu iko wapi, akanyoosha kidole upande wa Lamu. Ilikuwa kwenye begi aliloliacha bwenini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimewaambia wabebe vitu vichache. Tukamkalisha wima, ameinama kidogo mbele, mikono juu ya magoti, na rafiki yake akawa anavuta pumzi pamoja naye polepole mpaka kifua kikatulia. Alipona. Nami mpaka leo nikisikia kifua cha mtoto kinalia, harufu ya matope yale hunirudia.

Bahari haikutufanyia hila siku ile, na nahodha alisema kweli tangu mwanzo. Kosa lilikuwa langu: nilitaka maji yafuate ratiba ya shule. Nimewapeleka wanafunzi mara nyingi tangu hapo, na ninaandika haya kwa ajili ya walimu, walezi wa skauti na viongozi wa vikundi wanaoshuka gatini kwetu kila likizo na watoto wa watu. Njooni. Mtoto aliyeshika kamba ya tanga hujifunza upepo kwa namna ambayo ubao hauwezi kumfundisha. Lakini kazi ya usalama ifanyeni kabla hamjapanda chombo, maana mkishakuwa majini nafasi ya kufikiri ni ndogo.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia maji

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua, maji yakijaa sana na kupwa sana, tofauti ikizidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba bamvua ya pwani hii ina saa zake. Kwa kawaida hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Basi ukija na kikundi siku ya mwezi mpevu, ukapanga kwenda Takwa asubuhi baada ya chai, utakuta mkono wa bahari ni tope tupu. Na ukienda alasiri maji yakiwa yamejaa, utarudi na giza.

Mimi huchagua siku moja au mbili baada ya maji mafu, ambapo maji hujaa karibu na saa sita mchana. Mpango wangu huwa hivi: tunang'oa nanga gatini saa nne, tunaingia kwenye mikoko saa tano maji yakiwa bado yanapanda, na saa saba kila mtu yuko ndani ya mashua. Saa saba unusu ni mwisho, hata kama kuna mtoto hajamaliza kuchora. Kuingia wakati maji yanajaa kuna faida moja kubwa. Chombo kikigusa chini, subiri kidogo, maji yatakiinua. Kikigusa wakati maji yanapwa, kila dakika inayopita inakuzidishia kukwama. Pata jedwali la maji la Lamu lenyewe, kisha mwonyeshe nahodha na umuulize kama anakubaliana nalo. Upepo na mvua za bara huyabadilisha, naye ndiye anayejua mahali mchanga umehama tangu mwaka jana.

Halafu upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, huwa na bahari ya kufaa safari za nje. Kusi huanza kushika mwezi wa Aprili na huwa kali kati ya Juni na Agosti. Likizo ya Agosti, ambapo shule nyingi hupenda kuja, imeangukia kwenye kusi kabisa. Sisemi msije Agosti. Nasema Agosti bakini ndani, kati ya Lamu, Manda na mikoko, na msiwapeleke watoto nje ya mlango wa Shela, yaani njia ya maji inayotokea bahari kuu, wala kwenye miamba ya Manda Toto. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari upepo unapotarajiwa kuzidi noti 25. Lakini kwa mashua iliyojaa watoto mimi sisubiri ufike huko. Nikisimama gatini nikaona mawimbi ya mlangoni yamejaa povu jeupe, safari imeahirishwa.

Hatua ya 2: Andika sababu za kuahirisha wiki moja kabla

Hii ndiyo hatua ninayoomba muichukue hata mkiacha nyingine zote.

Asubuhi ya safari moyo wa mwalimu hauko huru. Wazazi wamelipa, watoto hawakulala kwa furaha, mwalimu mkuu amekwisha kutuma picha za basi, na nahodha amekataa kazi nyingine kwa ajili yenu. Ukianza kujiuliza saa hiyo kama upepo umezidi, utapata sababu kumi za kwenda. Kwa hiyo kaa chini wiki moja kabla, ukiwa umetulia, uandike: hatuendi ikiwa kuna povu mlangoni, hatuendi ikiwa jaketi za kuokolea hazitoshi kila kichwa, hatuendi ikiwa mtu mzima mmoja hakutokea, hatuendi ikiwa tumechelewa gatini zaidi ya nusu saa. Wape wazazi karatasi hiyo kabla hawajalipa. Patana na nahodha malipo ya siku iliyoahirishwa, apate japo sehemu, ili naye asisukumwe na njaa ya nyumbani kwake kusema bahari ni shwari.

Na andika ni nani anayeweza kusema hapana. Kwangu mimi ni mtu mzima yeyote aliye safarini, pamoja na nahodha, na hapana ya mmoja inatosha. Hatupigi kura.

Hatari nyingine ziorodheshe kwa kuipita safari yote kichwani, au bora zaidi kwa miguu, wewe na mwalimu mwenzako, kabla ya kuleta watoto. Kuanzia ngazi za gati zenye ukoga, kupanda mashua, kukaa chini ya tanga, kushuka majini, kutembea juani kwenye magofu, kula, hadi kurudi. Kila mahali jiulize: ni nini kinaweza kumuumiza mtoto hapa, kitamuumiza kiasi gani, tutafanya nini kukizuia, na nani atakuwa amesimama hapo? Ikiwa jibu la swali la mwisho ni "sote", basi hakuna mtu.

Hatua ya 3: Nahodha na chombo

Mtafute nahodha kupitia wenyeji wanaomjua, wala si yule wa kwanza kukufuata gatini na bei ya chini. Muulize maswali ya kawaida. Mara ya mwisho kwenda Takwa ilikuwa lini? Ana baharia wa pili? Mashine ikizima katikati ya mkondo, atafanya nini? Nahodha mzuri atakuonyesha tanga, nanga, upondo, mafuta ya akiba na kopo la kutolea maji chomboni bila wewe kuomba. Angalia pia kibali cha chombo kutoka KMA, yaani Mamlaka ya Bahari ya Kenya, na idadi ya watu iliyoruhusiwa. Walimu wahesabiwe ndani ya idadi hiyo. Nimeona vikundi vinavyohesabu wanafunzi tu.

Jaketi ni suala la peke yake. Usikubali kuambiwa zipo. Nenda jioni ya kuamkia safari, ziteremshwe zote, zihesabiwe, na zijaribiwe. Mtoto akishavaa na kufunga, simama nyuma yake ushike jaketi mabegani na uliinue kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa kwake, na majini litamvuka kichwani. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa darasa la saba mwembamba ni pambo tu. Angalia kamba, vifungo, na sponji ya ndani isiwe imeoza ikawa inanyonya maji. Zikishavaliwa gatini hazivuliwi mpaka gatini, isipokuwa nchi kavu. Joto litawafanya walalamike. Waache walalamike.

Hatua ya 4: Afya ya kila mtoto

Fomu ya mzazi inasaidia, lakini haisemi yote. Mzazi huogopa kwamba akiandika kifafa mtoto wake ataachwa. Kwa hiyo mimi huongeza neno chini ya fomu, kwamba hakuna atakayeachwa kwa sababu ya ugonjwa bila sisi kuzungumza kwanza, kisha nampigia simu mzazi mmoja mmoja. Ni kazi ya jioni mbili. Ndipo husikia yale ambayo karatasi haikusema.

Yanayonihangaisha zaidi katika safari za bahari ni manne. Pumu: pampu mbili, moja mfukoni mwa mtoto na ya pili kwa mwalimu, kwenye mfuko usiopitisha maji. Kifafa: mtoto anaweza kuja na kufurahia, lakini akiwa majini awe na mtu mzima wake mmoja asiyemwondokea hatua moja. Kisukari: sindano zikae kivulini, na sukari au juisi ya kumwinua iwe karibu. Selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, iko katika familia nyingi za pwani. Kiu na kukaa na nguo mbichi kwenye upepo vinaweza kumwamshia mtoto maumivu makali, kwa hiyo anywe maji kila mara hata kama hana kiu, na akitoka baharini abadilishe nguo mara moja.

Uliza pia kuhusu mzio wa kamba na kaa, maana chakula cha huku kina vitu hivyo hata kwenye wali. Chukua nambari ya SHA ya familia, yaani ya bima ya afya ya serikali. Habari hizi zote zikae kwa watu wawili tu, zisisomwe kwa sauti mbele ya wenzake. Mtoto aliyeaibishwa kwa ugonjwa wake ndiye atakayeuficha safari ijayo.

Mwezi wa Ramadhani usipange safari ya bahari. Watoto wengi watafunga hata wale wadogo, na hakuna haja ya kumweka mtoto kati ya swaumu yake na jua la Manda.

Hatua ya 5: Acha mtu nchi kavu

Mnamo Machi 1993 huko Lyme Bay, kusini mwa Uingereza, wanafunzi 8, mwalimu wao na wakufunzi 2 waliingia baharini kwa mitumbwi midogo ya kupiga kafi. Ilikuwa safari fupi, ya kurudi mchana. Upepo ukawasukuma mbali na pwani, mitumbwi ikajaa maji, nao hawakuwa na fataki za kuitia msaada. Kituo kilichowapeleka kilichelewa kwa saa kadhaa kuwaarifu walinzi wa pwani. Vijana wanne walikufa. Baadaye ikajulikana kwamba wakufunzi wawili walioacha kazi kwenye kituo hicho walikuwa wameandika barua mapema kuonya kuhusu usalama wake. Mkurugenzi alifungwa, na mwaka 1995 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kudhibiti vituo vya michezo ya nje kwa vijana.

Bahari yao ni baridi na yetu ni vuguvugu, lakini kisa hiki kinanihusu kila ninaposimama gatini, kwa sababu ya zile saa kadhaa. Watoto walikuwa majini, na watu wa nchi kavu walikuwa bado wanajiambia labda wanakuja.

Kwa hiyo kila safari yangu ina mtu mmoja anayebaki Lamu. Hafundishi, haendi sokoni, hazimi simu. Ana orodha ya majina yote na nambari za wazazi, jina la mashua na rangi yake, njia tutakayopita, na saa mbili zilizoandikwa. Saa ya kwanza ni ya kuanza kutafuta habari: nusu saa baada ya muda wetu wa kurudi, anapiga simu kwangu, kwa nahodha, na kwa nahodha wa pili ambaye tumepatana naye awe tayari na boti ya mashine. Saa ya pili ni ya kuomba msaada bila kumuuliza mtu yeyote tena: boti ya pili inaondoka, na polisi wanapigiwa kwa 999 au 112. Kikosi cha Walinzi wa Pwani ya Kenya kimekuwepo tangu 2018, na nambari ya simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Tafuta mapema nambari za moja kwa moja za watu wa Lamu wenyewe, maana 999 inaweza kupokewa na mtu asiyeijua Manda iko wapi.

Mtu huyu asiogope lawama za kupiga simu bure. Mara moja wa kwangu alipiga, boti ikaja, ikatukuta njiani salama tukiimba. Nililipa mafuta na nikamshukuru mbele ya wanafunzi wote, ili wajue alifanya sawa.

Mkononi mwenu muwe na simu mbili za mitandao tofauti, zenye chaji, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mtandao hukatika kwenye mikoko. Muulize nahodha ni wapi unashika.

Hatua ya 6: Gatini na ndani ya mashua

Kila mwanafunzi apewe nambari, na mwenzi. Tukihesabu, hawasimami nikawanyooshea kidole. Wanataja nambari zao kwa sauti, moja hadi mwisho, na ukimya unamwonyesha asiyekuwepo. Tunafanya hivyo gatini, tukishakaa, tukishuka, kabla na baada ya kuingia majini, na kila nusu saa magofuni. Wanachoka nayo, kisha inakuwa mchezo wao.

Wakae chini, uzito ugawanyike pande mbili. Nahodha anapobisha, yaani anapogeuza chombo kwenda dhidi ya upepo, tanga na foromali, mti unaolishika, huhama, na kichwa kilichoinuliwa wakati huo kitapigwa. Wafundishe neno lake kabla ya kuondoka: nahodha akisema "vichwa", kila mtu anainama, haulizi. Mikono isining'inie nje tunapokaribia gati au chombo kingine. Ajali nyingi ndogo nilizoziona ni za vidole.

Kuhusu mavazi ya kuogelea, niseme wazi, kwa sababu wengi huona haya kulisema. Wasichana wetu wengi huingia baharini na dera au buibui. Nguo ile ikishiba maji huwa nzito, hujizungusha miguuni, na hata anayejua kuogelea hushindwa kupiga miguu. Ongea na wazazi na wasichana wenyewe mapema, mwalimu wa kike aongoze mazungumzo, wakubaliane juu ya suruali ya kubana na fulana ndefu ya mikono, na mtandio wa kufungwa vizuri usioning'inia shingoni. Heshima inabaki na miguu inakuwa huru. Nimeona wasichana waliokuwa wakikaa ufukweni miaka yote wakiingia majini kwa mara ya kwanza baada ya jambo hili dogo kuzungumzwa.

Kabla ya safari wapime uwezo wao majini. Kila mtoto aelee dakika moja mahali pa kifuani, mbele yako. Anayesema anajua kuogelea na anayejua ni watu wawili tofauti. Majini natumia mtu mzima 1 kwa watoto 4, na mmoja wa watu wazima akiwa nje amekauka, macho majini, bila simu mkononi. Nchi kavu, 1 kwa 8. Mahali pa kuogelea pachaguliwe na nahodha, maana mkondo katika mlango wa Shela hauonekani kwa macho na huwa na nguvu katikati ya kujaa na kupwa.

Hatua ya 7: Jua, miiba na matumbo

Takwa hakuna duka la maji. Lita 3 kwa kila mtu, na galoni ya akiba ambayo haifunguliwi mpaka mmerudi kwenye mashua. Kofia ni lazima. Mtoto anayeumwa kichwa, ana kichefuchefu na amelegea: kivulini, fungua nguo, mmwagie maji, mpepee, anywe kidogo kidogo. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka au kupoteza fahamu, hiyo ni hatari ya maisha. Endeleeni kumpoza huku mashua inaondoka, na usimnyweshe kitu.

Chupa ya maji ya moto ya chai hubebwa kwenye kila safari yangu, na nusu ya kazi yake ni ya tiba. Samaki aitwaye taa hujificha kwenye mchanga wa maji mafupi, na mwiba wa mkia wake una sumu inayovunjwa na joto. Wafundishe watoto kutembea kwa kuburuta miguu, taa asikie na kuondoka. Akichoma, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kustahimili, kwanza yajaribiwe na asiyeumia ili mtoto asiungue, kwa nusu saa au zaidi. Mwiba uliozama sana, hasa kifuani au tumboni, usiung'oe. Viatu vya majini au hata raba kuukuu huzuia mengi ya haya. Makombe na konokono wenye umbo la pia, waliochorwa vizuri, wasiokotwe wakiwa hai. Baadhi yao wana sumu kali.

Konyeza, yule mnyama laini wa bahari mwenye nyuzi zinazowasha, akimwasha mtoto, osha kwa maji ya bahari, usitumie maji ya kunywa, usisugue na mchanga. Ondoa nyuzi zake kwa kijiti au kwa mkono uliovaa glavu.

Kwa kuharisha, kama hakuna pakiti za dawa ya maji mwilini, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Homa yoyote baada ya safari ipimwe malaria siku hiyo hiyo.

Akiumwa na nyoka kwenye vichaka vya magofu: asitembee, kiungo kitulizwe, pete na bangili zivuliwe, msikate, msifyonze, msifunge kamba ya kubana. Hospitalini moja kwa moja. Na hapa kumbukeni kwamba kutoka Takwa hadi Hospitali ya King Fahd mjini Lamu hakuna gari. Ni mashua, gati, kisha mikono ya watu. Jaribuni njia hiyo kabla, mkiwa na saa mkononi.

Hatua ya 8: Mtoto akizama

Mtoto anayezama hapigi kelele. Mdomo uko usawa wa maji, kichwa kimelala nyuma, mikono inasukuma maji chini kama anayepanda ngazi, na kwa muda mfupi tu anatoweka. Ndiyo maana yule mtu aliyekauka haruhusiwi simu.

Mrushie kitu kinachoelea au kamba kabla ya mtu kuruka. Akitolewa na hapumui, usimpindue kichwa chini wala kumkamua tumbo. Hilo linapoteza muda na linaweza kumtapisha. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpe pumzi 5. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kina cha theluthi moja ya kifua, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2, na uendelee hivyo bila kuacha huku chombo kikielekea hospitali. Hata akizinduka na kusema yuko sawa, lazima aonwe na daktari, kwani mapafu yanaweza kubadilika saa kadhaa baadaye. Maneno haya hayatoshi. Walimu angalau wawili katika kila safari wawe wamefunzwa kwa mikono yao, na mafunzo yarudiwe.

Hatua ya 9: Hatari zitokazo kwa watu

Njia ya bara ya kuja Lamu, kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, isafiriwe mchana tu, na hali ya usalama iulizwe kwa polisi siku mbili kabla na tena asubuhi ya safari. Wakisema subirini, subirini.

Mjini, vichochoro ni vyembamba na punda wana haki ya njia. Waegemee ukutani, wasipite nyuma ya punda.

Mtu mzima yeyote, awe mwalimu, baharia au mwongoza wageni, asibaki na mtoto mmoja peke yao mahali pa faragha. Wasichana wasafiri na mwalimu wa kike, hata kama wako watatu tu, na mfuko wa dawa uwe na taulo za kike. Watoto waambiwe kabla ya kuondoka kwamba wanaweza kupiga 116 bila malipo wakiguswa au kuambiwa jambo baya, na waambiwe mbele ya watu wazima wote wa safari, wakiwemo mabaharia, ili kila mmoja asikie kwamba watoto wanajua.

Hatua ya 10: Mkisharudi

Hesabu ya mwisho ni gatini, na mtu wa nchi kavu ndiye anayekata majina. Kila mtoto anakabidhiwa kwa mzazi au bweni, kwa jina.

Kabla ya kulala, watu wazima tunakaa na nahodha, chai ikiwepo, na daftari moja. Tunaandika yaliyotokea na hasa yale yaliyotaka kutokea: jaketi lililokatika kifungo, mtoto aliyeteleza kwenye ngazi akashika kamba, dakika ambazo mwalimu aliomba na nahodha akanyamaza. Nahodha huanza kusema, kwa sababu sisi walimu tukianza, yeye kwa adabu atakubaliana nasi. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu una tarehe ya ile siku ya matope, na chini yake maneno ya nahodha jinsi alivyoyasema. Kila mwalimu mgeni anayekuja nasi Takwa huusoma ukurasa huo kwanza, kisha ndipo ninampa jaketi lake alijaribu.